Nili Iliyofunikwa Uso

Juni 1651, katika uwanja wa Navona mjini Roma, mto Nili ulionekana umeketi juu ya mwamba ukijifunika uso. Ulikuwa jitu la marumaru, kifua wazi, misuli imetuna, mkono mmoja umeinuka kuvuta shuka kichwani kama mtu aliyeshikwa na mvua njiani. Kando yake ulisimama mtende wa mawe, na karibu na mtende simba wa mawe aliinama kunywa maji. Majitu mengine matatu yaliketi kuuzunguka mwamba ule: Danube kwa niaba ya Ulaya, Ganges kwa niaba ya Asia, Río de la Plata kwa niaba ya Amerika. Yote matatu yalionyesha sura zao. Wa Afrika peke yake ndiye aliyejificha.

Sababu yake haikuwa fumbo. Ulaya haikujua Nili inaanzia wapi, na Gian Lorenzo Bernini, mchongaji aliyeibuni chemchemi ile, akaona heri afunike kuliko abuni. Katika jiji lililojaa watu waliojidai kujua kila kitu, ule ulikuwa uungwana wa aina yake.

Naandika haya nikiwa Maseno. Barabara ya Kisumu kwenda Busia inapofika huku hukatana na mstari wa ikweta, na wasafiri hupenda kushuka kupiga picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Msimu wa masika mvua ya alasiri hupiga mabati hadi watu waache kuzungumza, maji yakakimbilia mitaroni, kutoka mitaroni yakaingia vijitoni, na vijito vikateremka ziwani. Ziwa hilo, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na ramani huliita Victoria, lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja. Kwa hiyo maji yanayotiririka kwenye paa langu, yale yatakayosalimika na jua, yana safari ya Misri. Kila nikiitazama picha ya jitu lile hucheka kidogo. Shuka lile linatufunika sisi.

Lakini kabla ya jitu kulikuwa na kijitu, na huyo ndiye ninayetaka kumsimulia.

Katika enzi ya Baroko, yaani tangu miaka ya 1600 hadi karne ya 18 ilipokuwa katikati, mchongaji mkubwa hakuanza na patasi. Alianza na udongo. Marumaru ni ghali na haina msamaha: ukivunja pua, pua imevunjika. Udongo husamehe. Fundi alichukua donge, akalifinyanga kwa vidole gumba, akapitisha kijiti chenye meno, akaongeza mkono, akautoa, akaugeuza upande wa pili. Waitaliano walikiita kitu hicho bozzetto. Mimi nitakiita rasimu ya udongo. Kilipopendeza, fundi alikikwangua kutoka mgongoni hadi kikabaki na uwazi ndani, ndipo akakipeleka tanurini. Mama yeyote wa kando ya ziwa anayechoma dapi, ule mtungi wa maji wa Wajaluo, angeelewa sababu bila kuelezwa: udongo mnene wenye unyevu tumboni hupasuka motoni.

Bernini alizaliwa Napoli mwaka 1598 na kufa Roma mwaka 1680. Katika miaka ile aliwatumikia mapapa mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefinyanga rasimu kwa wingi kumshinda. Mchoraji Mjerumani Joachim von Sandrart, aliyemtembelea wakati alipokuwa akiandaa sanamu ya Mtakatifu Longino kwa ajili ya Basilika la Mtakatifu Petro, alisimulia baadaye kwamba alionyeshwa vielelezo 22 vya sanamu ile moja, vyote vya nta. Ishirini na viwili! Anayemwona Longino leo, mikono imetanuliwa na mkuki uko kando, hudhani jamaa alizaliwa amesimama hivyo.

Tukirudi kwenye Nili, rasimu yake ilizaliwa katika wakati mbaya wa maisha ya Bernini. Papa Urbano VIII, aliyempenda kama mwanawe, alikuwa amefariki mwaka 1644. Mrithi wake, Inosenti X wa ukoo wa Pamphilj, hakuwa na haja na vipenzi vya mtangulizi wake. Juu ya hayo, mnara wa kengele ambao Bernini aliujenga kwenye Basilika la Mtakatifu Petro ulionyesha nyufa, na mwaka 1646 ukabomolewa mbele ya macho ya mji mzima. Kwa hiyo Papa alipotaka kupamba uwanja wa Navona, mbele ya jumba la ukoo wake, wasanii wengine waliitwa kuleta mapendekezo. Bernini hakuitwa. Wazo la mito minne lenyewe linasemwa lilitoka kwa mshindani wake, Francesco Borromini.

Kilichofuata ni mojawapo ya hila tamu zaidi katika historia ya sanaa, na waandishi wa kwanza wa maisha ya Bernini waliisimulia kwa furaha isiyofichika. Mwanamfalme Niccolò Ludovisi, aliyemwoa mpwa wa Papa, alimwambia Bernini atengeneze kielelezo kimyakimya. Kisha kielelezo kikawekwa kwenye chumba ambacho Papa angepitia baada ya kula. Papa akapita, akasimama, na inasimuliwa kwamba alikaa karibu nusu saa akikizunguka. Mwishowe akakiri, kwa maana hii, kwamba asiyetaka kazi ya Bernini ijengwe basi asikubali kuiona. Kuna masimulizi mengine yanayotaja kielelezo cha fedha kilichopelekwa kwa Donna Olimpia, shemeji yake Papa, mwanamke ambaye Roma nzima ilijua ndiye anayeshika funguo. Vyovyote vile, mwaka 1648 kazi ikawa ya Bernini. Kitu cha kushikwa mikononi kilikuwa kimebatilisha uamuzi wa Baba Mtakatifu.

Wananchi hawakufurahi. Miaka ile mavuno yalikuwa mabaya na mkate ulikuwa adimu, huku kodi ikikusanywa ili kusimamisha mawe. Roma ilikuwa na sanamu kuukuu iitwayo Pasquino, hatua chache tu kutoka Navona, ambapo watu walibandika usiku maneno waliyoogopa kuyasema mchana. Huko walibandika kwamba wanataka mkate, si minara. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo mzunguko wa barabara hupambwa upya wakati zahanati haina dawa tunaweza kuwasikiliza Warumi wale bila mkalimani.

Mnara wenyewe, uliokusudiwa kusimama juu ya chemchemi, ulikuwa nguzo ya itale iliyochimbwa Misri na kusimamishwa Roma zama za mfalme Domitian. Waliukuta umelala vipandevipande kwenye uwanja wa kale wa mbio, kando ya Barabara ya Appia. Kazi ya kueleza maandishi yake alipewa Mjesuti Athanasius Kircher, ambaye mwaka 1650 alitoa kitabu kizima juu ya mnara ule na kutafsiri alama zake kwa ujasiri mkubwa. Alikuwa akibahatisha. Alama za Misri ya kale hazikusomwa sawasawa hadi msomi Mfaransa Champollion mwaka 1822.

Kircher huyu ananivutia kuliko Papa. Alikuwa karibu na kazi ya Bernini, na kupitia ndugu zake wa shirika alikuwa na habari za Nili ambazo Wazungu wachache walikuwa nazo. Mwaka 1618 Mjesuti wa Kihispania, Pedro Páez, akiwa pamoja na mfalme Susenyos wa Ethiopia, alikuwa ameziona chemchemi za Gish, linapoanzia tawi liitwalo Nili ya Buluu. Maelezo hayo Kircher aliyachapisha mwaka 1652, mwaka mmoja tu baada ya chemchemi ya Navona kufunguliwa. Na nyuma zaidi, karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria alikuwa ameandika kwamba Nili inatoka kwenye maziwa chini ya Milima ya Mwezi, habari aliyodai imeletwa na wafanyabiashara waliofika Rhapta, bandari ya pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Maneno ya watu wa pwani yalikuwa yamekaa kwenye maktaba za Roma kwa karne nyingi. Walikuwa nayo na hawakuyathibitisha.

Kwa hiyo ule uungwana nilioutaja mwanzoni naupunguza kidogo. Bernini hakufunika kwa sababu hakukuwa na aliyesema. Alifunika kwa sababu waliosema walikuwa mbali.

Kielelezo kilipokubaliwa, kazi iligawanywa. Majitu manne yalipewa wachongaji wanne, na Nili akamwangukia Giacomo Antonio Fancelli. Husemwa kwamba Bernini mwenyewe alibaki na mwamba, mtende, simba na farasi. Mwamba ule unanikumbusha Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana kule Seme, si mbali na hapa, yanayosimama kana kwamba mtu aliyapanga akaondoka. Tofauti ni kwamba Bernini alitoboa mwamba wake katikati, pande zote nne, kisha akautwika mnara mzito juu ya uwazi ule. Watu waliogopa utaanguka. Haujaanguka.

Siku Papa alipokuja kuikagua, kabla ya ufunguzi, aliuliza lini maji yatatoka. Bernini akajibu kwa unyenyekevu kwamba bado, mambo kama hayo huhitaji muda. Papa akabariki, akageuka kuondoka, na alipokuwa anakaribia kutoka akasikia mvumo mkubwa nyuma yake. Mafundi walikuwa wamefungulia maji. Ndivyo anavyosimulia mwandishi wa maisha ya Bernini, na mimi sina sababu ya kuwanyima wasomaji hadithi nzuri.

Ile hadithi nyingine, wanayoambiwa watalii hadi leo, siipitishi. Wanaambiwa Nili amejifunika ili asiione sura ya kanisa la Mtakatifu Agnesi lililojengwa na Borromini mkabala wake. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1652. Jitu lilikuwa limeshajifunika mwaka mmoja kabla.

Rasimu za udongo, baada ya kumaliza kazi yake, hazikuwa na thamani ya kuuzwa. Nyingi zilivunjika, nyingine zikabaki karakanani wanafunzi wakazichora hadi zikapotea. Hilo silishangai. Nilipokuwa shuleni, kazi safi ilipelekwa kwa mtahini na karatasi za majaribio zilipelekwa jikoni kuwashia moto wa kupikia nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Hakuna aliyeona kosa, nami sikuliona. Zilizosalimika Roma zilisalimika kwa sababu kulikuwa na watu wachache wenye tabia ya ajabu ya kupenda kitu kabla hakijawa kizuri. Karne ya 18, Filippo Farsetti wa Venisi alikusanya udongo wa namna hiyo ili vijana wa mji wake wajifunzie. Sehemu kubwa ya mkusanyiko ule ilinunuliwa na mfalme wa Urusi, na leo iko katika jumba la Hermitage, St Petersburg.

Nili ya udongo nayo iko Venisi. Imehifadhiwa Ca' d'Oro, jumba la kale kando ya Mfereji Mkuu, ambalo Baron Giorgio Franchetti alilikabidhi kwa taifa la Italia mwaka 1916 na likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1927. Imewekwa pamoja na mwenzake Río de la Plata. Michoro ya Bernini juu ya chemchemi hiyohiyo iko mbali zaidi, katika hazina ya kifalme ya Windsor, Uingereza. Mto mmoja umetawanyika hivyo: marumaru Roma, udongo Venisi, karatasi Windsor, na maji yenyewe huku kwetu.

Huku kwetu, wakati kijitu kile kinafinyangwa, hakukuwa na ukimya. Katika karne ya 15 na ya 16 Wajaluo walikuwa wameanza kufika kando ya ziwa, wakatua kwanza kwenye kilima cha Ramogi. Walitoka Bahr el Ghazal, wakapitia Pubungu, karibu na Pakwach ya leo, ukingoni mwa Nili yenyewe. Yaani walikuja kwa kuupandisha mto. Safari hiyo iliandikwa kitaalamu na kijana aliyesoma Maseno, Bethwell Allan Ogot, katika kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini kilichotoka mwaka 1967. Aliiandika kwa kuwaendea wazee na kuwasikiliza, zama ambazo wasomi wengi waliamini pasipo karatasi hapana historia. Masimulizi ya wazee yalikuwa rasimu ambayo hakuna aliyetaka kuichoma tanurini. Ogot aliichoma. Miaka ya baadaye akarudi kufundisha hapahapa, katika Chuo Kikuu cha Maseno.

Wazungu walifika kwa njia nyingine, na hata wao waliongozwa kwa mkono. Mjini Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaambia Richard Burton na John Hanning Speke kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Burton alikuwa mgonjwa akabaki. Speke akaenda, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India na kurudi akizungumza Kihindi, lugha waliyoelewana nayo. Tarehe 3 Agosti 1858 wakaliona ziwa karibu na Mwanza. Speke akasema papo hapo kwamba hicho ndicho chanzo cha Nili, na Burton akasema si kweli, na ugomvi wao ukawa mkubwa kuliko ziwa. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama kwenye maporomoko ambayo aliyapa jina la Ripon, akaona maji yakitoka kuelekea kaskazini. Miaka 211 tangu Navona.

Wanaobishana bado wapo, maana ziwa nalo lina mito inayoliingia. Kuna Kagera, yenye matawi yanayoanzia Rwanda na Burundi, na kuna Nzoia, Yala, Nyando na Sondu Miriu za upande wetu. Ukitaka chanzo cha mwisho kabisa utajikuta umesimama chini ya mchirizi wa paa la mtu.

Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurudi. Miaka mitano baadaye, 1906, mmisionari wa Kianglikana J. J. Willis alianzisha shule Maseno. Waanglikana wa CMS, shirika lao la kimisionari, hawakuwa watu wa majitu ya marumaru. Makanisa yao yalikuwa meupe na makavu, na Baroko ya Roma wangeiona kelele. Sanaa ya uchongaji haikupewa nafasi huku. Hesabu na Biblia ndizo zilizopewa. Hata hivyo shule ile ilizaa watu waliokwenda mbali, na mmoja wao alifika hadi karibu na udongo wa Bernini.

Barack Obama Mkubwa, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alisoma Maseno miaka ya 1950. Mwaka 1962 aliingia Harvard kusomea uchumi, akakaa huko hadi 1964. Katika chuo hichohicho, mtaa wa Quincy, kuna Makumbusho ya Fogg, yenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa rasimu za udongo za Bernini, zaidi ya kumi. Zamani zilikuwa mikononi mwa Giovanni Piancastelli, mchoraji aliyesimamia Jumba la Sanaa la Borghese mjini Roma. Kutoka kwake zikanunuliwa na familia ya Brandegee ya Massachusetts mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1937 zikawa mali ya Harvard. Mwanafunzi wa uchumi ana mitihani yake, sidai kwamba alipoteza mchana mzima akitazama malaika wa udongo. Nasema tu kwamba kijana wa kutoka kwenye maji ya Nili na vidole vya mtu aliyeifunika Nili walikuwa majirani kwa miaka miwili.

Na vidole nasema kwa maana yake hasa. Mhifadhi wa Harvard, Anthony Sigel, alizichunguza rasimu zile kwa miaka mingi, akazipiga eksirei, akazitazama mgongoni na chini ya kwapa, mahali ambapo fundi hakutegemea kuonekana. Alikuta alama za vidole zimekaukia kwenye udongo. Alikuta pia mahali kidole gumba kilipobonyezwa kwa haraka kuunganisha bawa, na mikwaruzo ya kijiti kilichobadilishwa upande. Kwenye malaika waliofinyangwa kwa ajili ya Daraja la Mtakatifu Anjelo, miaka ya mwisho ya 1660, unaona nguo imekunjwa kwa mivuto michache tu, kama mama anavyochota unga. Mwaka 2012 rasimu za namna hiyo zilikusanywa kutoka nchi mbalimbali kwa maonyesho makubwa katika jumba la Metropolitan, New York, na mwaka uliofuata zikaenda Fort Worth, Texas, ambako makumbusho ya Kimbell yana kielelezo cha udongo cha chemchemi nyingine ya uwanja uleule wa Navona, ile iitwayo ya Mwamori.

Mimi, kama ningelazimishwa kuchagua, ningewaachia Warumi jitu lao na kuchukua udongo. Marumaru ya Fancelli ni kazi safi, hesabu iliyokwisha. Kwenye udongo mtu bado anajiuliza: mkono uinuke kiasi gani, uso ubaki wazi au ufunikwe? Kwa muda ule mfupi, kabla ya moto, jibu lingeweza kuwa jingine.

Pale Speke aliposimama mwaka 1862 huwezi kusimama tena. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika Jinja mwaka 1954, maji yalipanda na maporomoko ya Ripon yakazama. Uwanja wa Navona, shuka lingali kichwani.